Jumamosi Atakwenda Wapi

Bishkek, 28 Machi 2003

Kwa Baba na Mama,

Assalamu alaikum. Sisi huku tuko salama. Gulbara anawasalimu sana, na anamshukuru Mama kwa malai aliyoyatuma wakati wa sikukuu ya Nooruz, ingawa yalifika yameganda kama sabuni na tukayakata kwa kisu. Kazini nimepandishwa cheo. Kazi ni ileile, ila sasa nikikosea nagombezwa na watu wakubwa zaidi.

Baba, kuna jambo nataka kulileta mbele yenu. Begimai anamaliza darasa la sita mwaka huu. Hapa mjini kuna shule ya bweni ya binafsi, Ak-Terek, inayochukua watoto kuanzia darasa la saba. Nimeitembelea mara mbili. Wana maabara, wana maktaba yenye joto, na walimu wanafundisha fizikia na Kiingereza kwa vitendo. Wasichana wana jengo lao na mama mlezi. Jumapili ya kwanza ya kila mwezi ni siku ya kutembelewa, na Jumamosi wenye jamaa mjini huruhusiwa kutoka. Ada isiwasumbue, hilo ni langu.

Najua si mimi wa kuamua. Begimai alikuwa mzaliwa wetu wa kwanza, na alipotimiza arobaini tuliwapa ninyi mumlee awe wenu, kama desturi ilivyo. Tuliwapa, basi. Mimi ni kaka yake, na ninaandika kama kaka. Lakini kaka naye huruhusiwa kusema kwamba mtoto ana kichwa kizuri.

Lipimeni, kisha mnijibu.

Mwanenu,
Ularbek


Kara-Bulung, Naryn, 19 Aprili 2003

Mwanangu Ularbek,

Waalaikum salaam. Barua yako imefika jana ikiwa imekunjamana kama suruali ya Shambet, kwa sababu ilikuwa imekaa ndani ya suruali ya Shambet. Anadai theluji ilifunga njia ya mlimani pale Dolon. Nikamwambia, "Shambet, njia imefunguliwa zamani, hata kondoo wangu wanajua." Akanijibu, "Basi mwalimu, siku nyingine barua wape kondoo." Huyo ndiye dereva tuliye naye, na hakuna mwingine.

Sisi wazima. Kondoo wamezaa vizuri, wawili pacha. Ng'ombe mweusi amekuwa na kiburi, hakubali kukamuliwa na mtu mwingine isipokuwa Begimai. Hongera kwa cheo. Mama yako amewatangazia majirani wote, na kila akifika nyumba ya mbele cheo kinapanda kidogo. Kwa sasa nadhani wewe ni waziri.

Nilimsomea barua yako akiwa anakoroga maziwa. Aliposikia neno bweni akaacha kukoroga.

"Wana maji ya moto?"

"Ameandika kuna joto mpaka maktaba."

"Maktaba haiogi. Na nani atamsuka?"

"Atajisuka mwenyewe, Kalyikan. Ana miaka kumi na tatu."

"Wewe una hamsini na sita na kofia yako nakutafutia mimi kila asubuhi. Halafu mtoto ajisuke!"

Hapo nikaenda kuitafuta kofia yangu mwenyewe, nisiione.

Sasa nikuambie upande wangu. Unajua shule yetu ilivyobaki. Mimi ni hesabu, mimi ni fizikia, na tangu mwalimu wa Kiingereza akimbilie Urusi mimi pia ni Kiingereza. Walinichagua si kwa sababu nakijua, ila mimi ndiye niliyekuwa sina mbio. Watoto wetu sasa wanaongea Kiingereza ambacho nina hakika hakuna nchi inayokitumia.

Juzi nilikosea hesabu ubaoni. Begimai aliona. Baada ya kipindi akaja mbele akanifutia ubao, lakini ule upande wenye kosa tu, upande mwingine akauacha. Nilimtazama akirudi kuchukua mkoba wake, nikajua kwamba kwangu amemaliza. Mtoto ameanza kunisitiri.

Hilo ni la kusema aende. La kusema abaki ni kwamba waliokwenda mjini kusoma hurudi na yale masanduku ya magurudumu, na kijiji chetu hakina hata hatua mbili za lami za kuyaburuzia. Wanakaa siku tatu, wanapiga picha na farasi, wanaondoka.

Mama yako ana swali moja tu, na amesema nisilizungushe. Umeandika kwamba Jumamosi wenye jamaa mjini hutoka. Begimai Jumamosi atakwenda wapi? Anataka ulijibu wewe mwenyewe, si shule.

Baba yako,
Sadyrkul


Bishkek, 10 Mei 2003

Kwa Baba na Mama,

Assalamu alaikum. Nimefurahi kusikia habari za pacha. Huku miti imechanua na watu wote wanapiga chafya.

Namjibu Mama. Maji ya moto yapo asubuhi na jioni, nimeyafungua kwa mkono wangu. Nywele: mama mlezi husuka wadogo, na wakubwa husukana wenyewe. Hawakatwi. Chakula ni mara tatu, uji wa ngano, supu, wali, na nyama ipo ingawa si nyama ya kumfurahisha mtu wa Kara-Bulung. Usiku anabaki mlinzi mlangoni, mwanajeshi mstaafu, mkali. Mtoto hachukuliwi na mtu asiyejulikana.

Kuhusu masanduku ya magurudumu, Baba, sina la kukuahidi. Mimi mwenyewe nilikuja huku na gunia na bado sikurudi.

Mtihani wa kujiunga utafanyika mjini Naryn tarehe 24 mwezi huu. Tafadhali mpeleke. Mimi sitapata ruhusa kazini.

Gulbara amepaka rangi kile chumba chetu cha ndani. Kijani, lakini si kile kijani cha hospitali. Ameshona na pazia.

Ularbek


Kara-Bulung, 11 Juni 2003

Mwanangu,

Salamu nyingi, na za mama yako zimewekwa juu yake kama kifuniko. Tumehamisha mifugo kupanda malishoni, maziwa ya farasi yameanza kuchachuka vizuri, na jana nimekunywa zaidi ya ilivyompasa mwalimu wa shule. Usimwambie mtu. Shambet ameshawaambia.

Tulikwenda Naryn. Begimai alivaa gauni la buluu na viatu vya shule alivyovipaka mafuta ya kondoo, basi kila mbwa wa mjini akatufuata. Walimu wa Ak-Terek walikuwa wanne nyuma ya meza ndefu. Mmoja, mama mmoja mwenye miwani, akaniuliza mimi ni nani wake. Karatasi zote zina jina lako na la Gulbara. Nikasema, "Mimi ni mwalimu wake." Si uongo. Begimai akanitazama, kisha akatazama viatu vyake.

Amekuwa wa tatu katika mkoa mzima. Njia nzima ya kurudi hakufurahi. Tulipokaribia daraja ndipo akasema, "Baba, mlikuwa mnataka nishinde au nishindwe?"

Nikamwambia, "Mimi nilitaka ushinde. Mama yako alitaka ushindwe kwa alama nzuri."

Akacheka. Kisha akauliza, "Nikienda, ndiyo mmenirudisha?"

Unaona kwamba anajua. Wote wanajua, kijiji kizima kinajua nani alimzaa, ni sisi tu tunaotembea nalo kama mtu aliyeficha kondoo ndani ya koti. Nikamjibu kwamba anakwenda kusoma. Akasema, "Sawa, baba," kwa ile sauti yake ya kunifutia ubao.

Sasa kuhusu chumba. Shule ina vitanda, umeandika mwenyewe. Mtu hapaki rangi na kushona pazia kwa ajili ya mgeni wa Jumamosi. Mama yako aliielewa rangi ile kabla mimi sijafika mwisho wa ukurasa. Alikwenda kukamua, na yule ng'ombe mwenye kiburi siku hiyo akakubali.

Nakumbuka siku ya arobaini. Mama yako alimpitisha mtoto chini ya gauni lake kama aliyemzaa, wazee wakala nyama, wakashuhudia. Wewe ulikuwa uani unakaza kamba ya tandiko la farasi ambayo ilikuwa imeshakazwa. Tangu mtoto azaliwe sikuwahi kukuona umembeba, hata mara moja. Nikamwambia mama yako, huyu kijana hana uchungu, ni mzazi wa juu juu, atapata wengine kumi. Hao kumi hawakuja. Siandiki hili kwa ubaya. Nimelianza tu na sasa sijui pa kulimalizia, kwa hiyo naliacha hapa.

Aende. Tumekubaliana, mimi kwa maneno na mama yako kwa kunyamaza. Lakini lile swali lake bado hujalijibu.

Baba yako


Bishkek, 2 Julai 2003

Baba,

Assalamu alaikum. Tumefurahi mno kwa matokeo. Gulbara alilia, kisha akaosha madirisha yote ya nyumba.

Umeandika kwamba sikumbeba. Ningembebaje mbele yako? Wewe ulimbeba nani mbele ya babu? Uliwahi kunisimulia kwamba mimi mwenyewe ulinigusa mara ya kwanza nikiwa natembea, kwa sababu babu alikuwa kila mahali na ungeona aibu akikukuta umempakata mwanao. Nilifanya kama nilivyofundishwa. Siku moja mlipopanda wote kwenda kukata majani, nilimbeba kutwa. Gulbara alinicheka jinsi mikono ilivyokakamaa. Nilipowaona mnashuka nikamlaza, nikatoka kwenda kwa farasi.

Na siku ya arobaini, ndiyo, kamba ilikuwa imeshakazwa.

Sina zaidi. Nitakuja na gari mwishoni mwa Agosti kumchukua. Mwambie Mama kwamba Jumamosi atakuja kwetu.

Ularbek


Kara-Bulung, 14 Septemba 2003

Mwanangu Ularbek,

Salamu kwako na kwa mkwe wetu. Viazi tumevuna, vikubwa, vingine vina sura ya mkaguzi wa elimu. Mbuzi mmoja amevunjika mguu, nimemfunga kijiti, anatembea kwa madaha kuliko alipokuwa mzima.

Asante kwa kuja mwenyewe kumchukua. Nilitaka siku ile tuzungumze mimi na wewe, na nadhani wewe pia ulitaka, ndiyo maana tulikagua magurudumu ya gari lako mara tatu. Yalikuwa mazima. Barua yako ya Julai niliisoma peke yangu, nikaificha nyuma ya saa ili mama yako asiumie. Nilipokwenda kuichukua nikakuta imekunjwa vizuri kuliko nilivyoikunja mimi. Nitaijibu nikipata maneno.

Habari za nyumba unaziuliza, nakuambia. Nyumba imekuwa kubwa. Mama yako anapika kwa sufuria lilelile, kisha tunakula kilekile siku mbili. Darasani wamebaki watoto sita. Nikiuliza swali gumu macho yangu yanakwenda dirishani, kwenye dawati lake, kisha inabidi nijifanye nilikuwa naangalia hali ya hewa. Watoto wameshanizoea. Jana mmoja alisema, "Mwalimu, leo hakuna mvua," kabla sijauliza kitu.

Alituandikia mara moja. Anasema kitanda chake kiko juu, cha ngazi, na kwamba wenzake wanamcheka anavyotamka Kirusi lakini wanamwomba hesabu. Anasema Jumamosi huwa anakuja kwenu na wifi yake anampikia sana. Mama yako aliniambia nirudie mstari huo. Nikarudia. Akasema, "Vizuri. Ampikie."

Jumapili ya kwanza ya Oktoba tutakuja kumwona. Usimwambie. Shambet amekubali kutupeleka na kuturudisha siku hiyohiyo, na mama yako ameshaanza kufinyanga kurut, yale madonge ya jibini kavu ya chumvi, utadhani anakwenda kulisha jeshi.

Baba yako


Kara-Bulung, 12 Oktoba 2003

Mwanangu,

Salamu. Theluji ya kwanza imeanguka juu ya vilele. Sisi wazima.

Ile Jumapili hatukuja. Ng'ombe alizaa, ikawa shida, unajua mambo ya ng'ombe. Ndama mzima. Tutakuja siku nyingine, au hatutakuja, barabara ni mbaya na mgongo wangu si wa ujana.

Msalimie Gulbara. Mvalisheni mtoto soksi za sufu.

Baba yako


Bishkek, 23 Novemba 2003

Baba, Mama,

Mlikuja.

Nimekaa na barua yenu wiki nyingi bila kujibu kwa sababu niliiamini. Nilifurahi hata kwa ajili ya ndama. Begimai ndiye aliyejua, na ametunyamazia mpaka juzi.

Jumapili ile mimi nilikuwa nje ya mji kikazi, na Gulbara alifika shuleni saa nane mchana. Kabla yake, asubuhi, mlinzi alimpa Begimai mfuko. Akamwambia umeletwa na majirani wa kijijini, mzee mwenye kofia nyeupe na mama mfupi. Begimai akamuuliza, "Majirani gani?" Akaambiwa wameshaondoka. Ndani akakuta mandazi, malai, na zile kurut, kila donge na alama za vidole vya Mama, na pale pa kidole cha mwisho pamepinda, kile kilichovunjikia kwenye mashine ya maziwa. Alizila? Hapana. Ziko chini ya mto wake mpaka leo, na chumba kizima kinanuka chumvi na jibini. Wenzake wamemshtaki.

Tangu hapo Jumamosi haji. Anamwambia Gulbara, "Wifi, nina kazi za darasani." Gulbara anapika hata hivyo, kisha tunakula kilekile siku mbili.

Juzi nilikwenda mwenyewe nikamwita getini. Akatoka bila koti. Akaniuliza, "Kaka, baba alisimama hapa? Hapahapa?"

Nikasema sijui.

"Kwa nini hawakumruhusu?"

Nikamwambia wanaruhusiwa waliotajwa tu.

"Uliwatajia nani?"

"Mimi na wifi yako."

"Na baba?"

Nikamvika koti langu. Akasema, "Basi nirudishe nyumbani. Sitaki shule inayomjua kaka na haimjui baba."

Baba, siku ya kwanza mkuu wa shule aliniuliza, mbele ya watu, "Wazazi ni nani?" Ni swali dogo. Kila mtu kwenye foleni alikuwa analijibu bila kufikiri. Miaka yote hii sijawahi kulijibu kwa mdomo wangu. Nikajisikia nikisema, "Sisi. Mimi na mke wangu." Akauliza kama kuna wengine wa kumtembelea, nikasema hakuna. Nilijua nilichokuwa nasema. Utamu wake nilikaa nao mpaka nyumbani, na nilipomwambia Gulbara akaketi chini palepale mlangoni.

Sina uso wa kuwaomba radhi kwa barua. Nawaulizeni tu. Mkisema arudi, Ijumaa yoyote namleta mwenyewe mpaka mlangoni, na hatutawalaumu. Semeni neno moja.

Ularbek


Kara-Bulung, 7 Desemba 2003

Mwanangu Ularbek,

Salamu kutoka kwetu. Mto umeganda mpaka katikati, na Shambet amenunua suruali mpya, kwa hiyo barua hii huenda ikafika haijakunjamana.

Ng'ombe hakuzaa siku ile. Samahani kwa ndama.

Nikueleze ilivyokuwa, usije ukaijenga kichwani ikawa kubwa kuliko ilivyokuwa. Tulifika mapema. Mama yako alikuwa amevaa kitambaa chake kipya, na mimi koti la harusi ya binamu yako, ambalo limepungua upana tangu wakati huo, au mimi ndiye niliyeongezeka. Wazazi wengine walikuwa wanaingia. Mlinzi akaniuliza, "Nani wake?" Nikasema, "Baba yake." Akanitazama vizuri, si kwa dharau, akasema, "Mzee, baba yake namfahamu. Mhandisi, ana gari jeupe."

Nilikuwa na maneno ya kumjibu. Mimi ni mwalimu, maneno ndiyo mali yangu. Lakini nikaona kwamba nikishikilia neno langu, wewe ndiye unakuwa mwongo mbele ya shule, na mtoto anaitwa ofisini kuulizwa ana baba wangapi. Nikawa nimefungua mdomo tu, kama samaki. Ndipo mama yako akanisogeza kwa kiwiko, akampa mlinzi mfuko, akasema, "Huyu mzee anapenda utani. Sisi ni majirani zake wa kijijini. Mpe hivi, umwambie vimetoka nyumbani." Hata sauti haikumtikisika.

Garini Shambet akauliza, "Mbona mapema hivyo?" Mama yako akasema, "Endesha." Kuanzia hapo mpaka mji wa Kochkor, Shambet hakufanya utani hata mmoja. Ndivyo nilivyojua kwamba mambo ni mazito.

Barua yako nilimsomea hadi mwisho, sikuficha kitu. Nilipofika pale "namleta Ijumaa," akainuka. Akatoa godoro la Begimai, akalitandika kwenye ua, kwenye kile kijua cha Desemba kisichokausha hata leso. Akalipiga vumbi. Akaanza kuulizia kama Shambet anakwenda Naryn, maana unga mweupe umekwisha. Nami, nikuambie kweli, nilianza kunoa penseli za darasani. Tulikuwa kama watoto siku ya Idi. Hatukutazamana.

Kisha akarudi ndani akakaa, akasema, "Andika asije."

Nikamwambia, "Kalyikan, wameuliza. Mtoto mwenyewe anataka."

"Najua anataka. Mimi nataka kuliko yeye. Andika asije."

"Kwa nini?"

Akasema, "Tulimchukua mara moja bila kumuuliza Gulbara. Tulimuuliza Ularbek, na Ularbek hana mdomo mbele yako. Mara ile nilikuwa na desturi, wazee walikuwa wamekaa wanakula nyama, kila mtu anasema sawa. Mara hii nitamchukua kwa lipi? Kwa mdomo wa mtoto aliyekasirika? Sitamtoa mara ya pili mikononi mwa mwanamke aliyempakia rangi chumba."

Nikamwambia huenda mkwe wetu mwenyewe hatalalamika. Akasema, "Hata mara ya kwanza hakulalamika. Alininyonyeshea mpaka dakika ya mwisho, akamfuta mdomo, akanipa. Mimi nilimwona. Wewe ulikuwa unakata nyama."

Basi. Hana budi kukaa huko. Nimemwandikia Begimai barua yake peke yake, kama mwalimu, sikuandika kama baba, kwa sababu kama baba ningemwambia apande gari la kwanza. Nimemwambia kwamba kilichotokea getini ni jambo la watu wazima walioshindwa kuzungumza, na yeye asiache shule kwa ajili yake. Nimemwambia Jumamosi aende kwenu. Sijamwamuru awaite jina lolote.

Kwa shule, ukipata nafasi, ongeza majina yetu. Sema ni babu na bibi. Nayo ni kweli, haitamfanya mtu yeyote kuwa mwongo. Nimejaribu kulitamka neno hilo peke yangu zizini, babu yake Begimai. Limenikaa kama koti la mtu mwingine. Litazoeleka.

Na ile barua yako ya Julai, jibu langu ni hili. Tutakapokuja, mkalishe pembeni yako, umkumbatie mbele ya macho yangu, kama wanavyofanya watu wa mjini. Nitaona aibu kidogo, nitaangalia dirishani, lakini nitakuwa chumbani humohumo na wala sitatoka. Babu yako ameshakufa, mwanangu. Hakuna anayetutazama.

Hapa nilikuwa nafunga barua, lakini mama yako ameketi mbele yangu na anasema bado. Ana maneno yake, ni ya Gulbara si yako, na ameniamuru niandike kama anavyosema bila kuyatia mapambo. Naandika.

Gulbara, mwanangu. Begimai hali kitunguu. Ukikiponda kikayeyuka anakula, mradi asikuone. Miguu yake huwa baridi kuanzia sasa mpaka Machi, hata ndani ya sufu, kwa hiyo mpe chupa ya maji moto miguuni na sio tumboni. Akiamka asubuhi usimsemeshe mpaka anywe chai. Si kiburi, ndivyo alivyo, na Ularbek alikuwa hivyohivyo. Anaongea usingizini, mara nyingi ni hesabu, usimwamshe. Akisema hana kitu, ana kitu. Kaa karibu ufanye kazi ya mikono, maharagwe au sindano, utamsikia anaanza mwenyewe. Nywele zake ni nzito upande wa kushoto, anza kusuka hapo.

Mimi sikumfundisha kuniita mama. Siku moja nilikuwa nakamua, nikasikia ananiita kutoka mlangoni. Na wewe usimfundishe. Ngoja tu.